Marehemu Anagonga Misumari

"Nani kaniua?"

Swali hilo tuliliacha likining'inia wiki iliyopita ndani ya karakana ya makochi, na mwenye kuliuliza amesimama mlangoni, karatasi mkononi, mzima wa afya, jasho linamtiririka.

Kwa aliyeungana nasi leo, mambo yako hivi. Binti mmoja mwembamba, ambaye baba yake humwita Uzi, anaomba nafasi katika chuo kikuu ambacho waombaji wake ni kama mchanga na wanaochukuliwa hawajazi basi. Alama anazo. Kilichobaki ni insha, kwa kuwa chuo kinamtaka kila mwombaji aeleze kwa maneno yake jambo lililomfanya awe alivyo. Dirisha la maombi linafungwa leo jioni. Basi Fundi, baba yake, akatumwa kwenye duka la kutoa nakala akachukue karatasi za mwanawe. Mwenye duka alipomwona akashika kifua. Alikuwa ameisoma insha ile, na insha ilianza na kifo cha mtu huyu huyu aliyekuwa mbele yake akiulizia nakala.

Uzi alikuwa amepiga magoti kando ya kochi lililovuliwa kitambaa, anang'oa misumari ya zamani kwa koleo. Akaendelea kung'oa. Alitamani kochi lile liwe na misumari isiyokwisha.

"Nimeuliza," Fundi akasema.

"Baba..."

"Usiniite baba. Baba yako amekufa. Imeandikwa."

Akaisogeza karatasi mbali na macho, kama afanyavyo mtu asiyetaka kukiri kwamba miwani inamhusu, akasoma kwa sauti.

"'Baba yangu alifariki nikiwa na umri wa miaka tisa. Tangu hapo huwa naongea na kochi tupu.'"

Akaishusha.

"Miaka tisa. Kwa hiyo ulipovunjika mguu ukiwa na kumi na moja, aliyekubeba mgongoni mpaka hospitali ni mzimu. Na mzimu huo huo jana umekula wali wako ukakuachia ukoko."

Msumari mwingine ukang'oka.

"Yule mama wa duka kanipa pole. Nikamwuliza pole ya nini. Akanigusa mkono kwanza, aone kama una joto."

Hapo kivuli kikaingia mlangoni, na nyuma ya kivuli tai, na nyuma ya tai Mjomba.

Huyu ni kaka wa Mama. Ana kituo cha kuwaandaa vijana wanaoomba vyuo vikubwa, na shati lake limepigwa pasi hadi linakata. Alikuwa anatazama simu yake.

"Mpwa wangu, nakala ziko tayari? Nataka moja ya faili langu."

"Shemeji," Fundi akasema, kwa upole uliomtia Uzi baridi. "Ingia. Karibu msibani."

Mjomba akainua macho. Akaiona karatasi. Akajikohoza.

"Ah. Umeiona."

"Nimeiona."

"Usiichukulie hivyo, shemeji. Ni mtindo wa uandishi tu."

"Kuniua ni mtindo."

"Karatasi haiui mtu."

"Basi mbona nimepewa pole?"

Mjomba akavuta kigoda, akakifuta kwa leso, akakaa. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na watu wanaomwogopa.

"Nisikilize. Kule chuoni kuna watu wamekalia mlima wa insha. Wanasoma ya bingwa wa mdahalo, wanasoma ya nahodha wa mpira, wanasoma ya yule aliyeanzisha maktaba mtaani kwao. Wamechoka. Sasa binti wa fundi makochi, mwenye baba mzima na mama mzima, wamsome kwa nini? Wanataka kitu kiwakabe hapa." Akajigusa koo. "Nimewaingiza wengi pale. Najua kinachowaliza."

"Kumbe wewe ni muuza machozi."

"Mimi ni mwelimishaji."

"Mwelimishaji. Na tai yote hiyo."

"Shemeji, mkono unaomlisha mwanao usiuume."

"Mwanangu namlisha mimi. Tena nikiwa maiti."

Fundi akamgeukia Uzi. Alikuwa anangoja. Uzi alijua kinachongojwa: neno moja tu, kwamba si yeye, kwamba ni Mjomba peke yake. Badala yake Uzi akainamia koleo lake.

Basi Fundi akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaenda kwenye kochi, akachota misumari kwenye kopo, akaijaza mdomoni.

Hapa inabidi msomaji aelewe jinsi fundi makochi anavyofanya kazi. Misumari midogo anaiweka mdomoni, kiganja kizima, anaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja mpaka kwenye midomo, kwa sababu mkono mmoja umevuta kitambaa na mwingine umeshika nyundo. Akiwa hivyo hasemi. Akitaka kusema, anaitema. Na Fundi alikuwa na desturi yake: likisemwa neno lisilompendeza, hujaza mdomo misumari. Wateja wenye haraka waliijua desturi hiyo. Mkewe aliijua. Uzi alikua nayo, kama wengine wanavyokua na redio.

Ko. Ko. Ko.

Mjomba akatabasamu, akasimama, akajipangusa suruali.

"Unaona? Yameisha. Haya, mpwa wangu, twende zetu."

Ni hilo neno "yameisha" lililomwasha. Uzi alilisikia likimwingia sikioni na kushuka mpaka tumboni, likakuta humo mengine mengi ya siku nyingi.

Akainuka.

"Toa misumari, baba."

Ko. Ko.

"Nimesema toa misumari. Mjomba hakukuua. Nimekuua mimi."

Nyundo ikasimama hewani.

"Uzi, huna haja ya..." Mjomba akaanza.

"Mjomba, hebu nipishe kidogo. Baba, mstari ule niliuandika mimi, kwa vidole vyangu. Unataka kujua lini? Siku ile ulipoikata insha yangu."

Fundi akaitema misumari kiganjani.

"Insha gani?"

"Ile iliyokuwa juu ya meza ya kukatia."

"Juu ya meza ya kukatia kulikuwa na karatasi ya kaki."

"Ndiyo hiyo."

Maana Uzi, kama mtoto yeyote aliyelelewa karakanani, akitaka karatasi huchana kwenye robota la kaki ambalo baba yake hukatia vipimo, zile karatasi za kufuatisha anapokata kitambaa. Alitaka kuiona insha yote kwa mara moja, imetandazwa kama kitambaa, aone wapi inavuta na wapi imelegea. Aliiandika kwa mkono wiki baada ya wiki, akafuta, akarudia, na siku aliyoimaliza akaiacha mezani ikauke wino wakati anakwenda kuoga.

"Karatasi ya kaki ikiwa juu ya meza ya kukatia ni ya kukatwa," Fundi akasema. "Imekuwa hivyo kabla hujazaliwa. Wewe hulijui hilo?"

"Ilikuwa na maandishi."

"Mimi niliona upande mtupu. Maandishi yalikuwa chini."

"Ungegeuza."

"Nigeuze kila karatasi? Nina kochi la mtu, linangojewa, nigeuze..."

"Ungegeuza, baba. Mara moja tu tangu nianze shule, ungegeuza karatasi yangu uone nimeandika nini."

Fundi akaigeuza misumari kiganjani.

Uzi akaenda ukutani. Vipimo vilikuwa vimetundikwa hapo vikipishana, migongo, viti, mikono, kila kimoja kimeandikwa jina lake kwa kalamu ya risasi. Akatoa kimoja kilichopinda kama figo, chenye maneno MKONO KUSHOTO. Akakigeuza, akakiweka juu ya kochi mbele ya baba yake.

Upande wa pili ulijaa mwandiko wake, mdogo, umenyooka, na kila mstari umekatwa pale mkasi ulipopita.

"Soma."

"Uzi, muda wetu ni..." Mjomba akasema.

"Soma, baba."

Fundi akakishika. Safari hii hakukisogeza mbali na macho. Alitoa miwani mfukoni mwa shati, akaivaa mbele ya shemeji yake, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"'Hisabati sikuianzia shuleni. Niliianzia kwenye mkono wa kochi, kwa sababu kitambaa kimenyooka na mkono umepinda, na lazima mmoja wao...'" Akageuza kichwa. "Lazima mmoja wao nini?"

"Umekata."

"'...haongei akiwa kazini, kwa hiyo nilijifunza kumsoma kwa mlio wa nyundo. Akigonga mara mbili amefurahi. Akigonga mara moja kwa nguvu...'" Akasita. "Nikigonga mara moja?"

"Umekata, baba."

"'...na siku akiniambia nimefanya vizuri nadhani nita...'"

Hapo karatasi iliishia. Fundi akapitisha kidole kwenye ukingo wake, polepole, kana kwamba maneno yanaweza kuwa yamekunjamana upande wa ndani.

"Vipande vingine viko wapi?"

"Nakuuliza wewe."

Akafikiri. Uso ukamwingia giza.

"Niliviwashia moto nikachemshia gundi."

Mjomba, ambaye Mungu alimnyima kipaji cha kunyamaza, akasema, "Ukweli ni kwamba ile insha haikuwa na mvuto. Niliiona alipokuwa anaiandika. Mkono wa kochi, jamani. Nani anataka kusoma habari za mkono wa kochi?"

"Nyamaza," Fundi akasema.

"Nyamaza," Uzi akasema.

Walilitamka pamoja, wakatazamana kwa hasira kama watu waliogombea mlango mmoja.

"Nilipoiona imekatwa nilikwenda kituoni kwa Mjomba," Uzi akaendelea. "Nilikaa kwenye kompyuta. Nikaandika kwamba umekufa. Nilitaka kuliona tu limeandikwa, kisha nifute. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema usifute, hiyo ndiyo yenyewe. Nikaacha. Sikulazimishwa na mtu. Nilikuwa na hasira na wewe, na bado ninayo."

"Kwa nini miaka tisa?"

Uzi akaliokota koleo lake.

"Umenizika ukiwa na miaka tisa. Si nane, si kumi. Kwa nini?"

"Hilo nitakujibu mimi," sauti ikasema mlangoni.

Mama alikuwa amerudi kutoka kwenye duka la dobi anakopiga pasi. Bado alikuwa na harufu ya wanga na mvuke. Hatujui alikuwa amesimama pale kwa muda gani, lakini mkoba wake alikuwa ameshauweka chini.

"Mama Uzi," Fundi akasema. "Hivi ulijua kwamba wewe ni mjane?"

"Nilijua."

Uzi hakulitegemea hilo. Hata Mjomba alitazama pembeni.

"Kaka alinieleza juzi. Nililia, halafu nikarudi kwenye pasi. Nilipokuwa napiga pasi nikajiuliza, tofauti itakuwa nini? Nikaitafuta tofauti shati hadi shati. Nikachoka."

"Maneno gani hayo?"

"Ya miaka tisa. Si umeuliza? Alikuwa na miaka tisa alipopata zawadi ya hisabati ya shule nzima. Nilikushonea shati. Ukalivaa, ukapendeza, tukatoka pamoja. Tukafika langoni. Ukasimama. Ukaniambia umekumbuka kuna kochi la mtu."

"Kulikuwa na kochi la mtu."

"Kila siku kuna kochi la mtu. Mtoto alisimama jukwaani na zawadi yake anakutafuta kwa macho mpaka mwalimu akamshika bega akamshusha. Mimi nilikuwa nampungia mkono. Hakuniona. Alikuwa anatafuta shati."

"Mama, basi," Uzi akasema.

"Sijamaliza. Huyu bwana hajavuka lango la shule tangu siku ile. Si mkutano, si matokeo, si mahafali. Sasa leo ameuawa, ndipo amekuja juu. Ulipokuwa hai ulikuwa wapi, Baba Uzi?"

Mkono wa Fundi ukaenda wenyewe kwenye kopo la misumari.

Uzi akaliwahi. Akalichukua, akaliweka nyuma ya mgongo wake.

"Leo utaongea."

Mzee akabaki na mkono mtupu. Mishipa ya shingo ilimsimama, na Uzi akadhani atampiga kofi, ingawa hajawahi kumpiga. Badala yake akaitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua, akaipiga kwa nyuma ya kiganja.

"Haya. Naongea. Andika kwamba mimi ni mkaidi. Andika sikuja. Andika nilikata kazi yako nikachemshia gundi, na sikuomba radhi kwa sababu hata sikujua. Andika roho yangu ni ngumu kama ubao. Nitukane utakavyo, mwanangu. Lakini nitukane nikiwa hai."

Hayakuwa maneno ya msamaha, wala sauti haikuwa ya msamaha. Lakini ndiyo hotuba ndefu kuliko zote ambazo Uzi aliwahi kuzisikia kutoka kinywani mwa baba yake.

Akaweka kopo chini. Akavuta kaki kwenye robota, akachana, akashika kalamu.

"Muda upo. Dirisha halijafungwa. Masharti yanasema mwombaji anaweza kubadilisha insha mpaka dirisha lifungwe." Akaandika akisema. "Baba yangu yu hai, na shida zangu zinaanzia hapo."

Fundi akainama akatazama.

"Hiyo iache," akasema kwa ukali. "Ni kweli."

"Hapana," Mjomba akasema.

Wote wakamgeukia.

"Haiwezekani. Ombi nimeshalituma. Juzi."

"Ulisema linatumwa leo."

"Nilisema dirisha linafungwa leo. Hukusikiliza."

"Basi tufungue tubadilishe. Nipe ile namba ya kuingilia."

"Namba inakuja kwenye simu yangu." Mjomba akaipapasa simu mfukoni. "Na sitaitoa. Kwa faida yako mwenyewe. Ukishakaa kule darasani, na vitabu vyako, na marafiki watoto wa watu, utanishukuru. Hawa wawili wanagombana mambo ya shati na lango, mimi nafikiria maisha yako."

"Unafikiria ubao wako," Uzi akasema.

Kwenye ukuta wa kituo cha Mjomba kuna ubao wa picha za vijana waliochukuliwa. Ndio unaomletea wateja.

"Na kama nafikiria?" Mjomba naye sasa akapandisha. "Nimekufundisha bure. Nimekupa kompyuta. Nafasi ya picha yako nimeiacha katikati. Nyie watu hamna shukrani, mnataka mtoto aingie chuo kikuu kwa habari za sponji na kaki. Endeleeni. Endeleeni hivyo hivyo, na wajukuu zenu nao watang'oa misumari."

Fundi akatembea mpaka mlangoni, akausukuma, akatia komeo.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nimefunga karakana. Kuna msiba."

"Kaka," Mama akasema, akinyoosha mkono. "Lete simu."

Na simu ikalia.

Mjomba akaitoa. Akaangalia kioo chake. Rangi ikamtoka, kisha ikarudi, na akanyoosha tai kana kwamba anayepiga anaweza kumwona.

"Ni wao," akanong'ona. "Ni chuo. Kaeni kimya, nyote, kama mnampenda huyu mtoto." Akaweka simu sikioni. "Halo? Ndiyo, ndiyo. Ndiye mimi, mlezi wake."

"Mlezi?" Fundi akafoka.

Mama hakufoka. Alimpokonya kaka yake simu kama anavyopokonywa mtoto kisu, akabonyeza ili sauti isikike, akaiweka juu ya meza ya kukatia.

"...ofisi ya udahili," sauti ya mwanamke ilikuwa inasema, tulivu, ya mtu asiye na haja ya kupaza. "Ningependa kuongea na mwombaji mwenyewe. Yupo?"

"Nipo," Uzi akasema.

"Vizuri. Alama zako zimekuweka mbele, na mwalimu wako wa hisabati amekuandikia barua ya kukupendekeza ambayo sijasoma nzuri kuliko hiyo mwaka huu. Ndiyo maana nimepiga. Mwalimu anasema kila Jumamosi unamsaidia baba yako karakanani. Insha yako inasema baba yako alifariki ukiwa na miaka tisa. Kati yako na mwalimu, nani amekosea?"

Mjomba alikuwa ameshavuka karakana kwa vidole vya miguu. Akasimama mbele ya Uzi, akaunda maneno kwa midomo bila sauti, taratibu, kama anayemfundisha kiziwi.

Baba wa kambo. Sema ni baba wa kambo.

Uzi aliiona njia hiyo. Ilikuwa njia nzuri, imefagiliwa, haina hata jiwe. Maneno matatu, na mwalimu hakukosea, na yeye hakukosea, na baada ya miezi angekuwa amekaa kule ambako tangu utotoni alikuwa anakuota. Hakuna ambaye angeumia. Mtu aliyesimama pale na miwani ya kusomea angekuwa tu baba wa pili.

Akamtazama. Fundi hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa bado amekishika kile kipimo, anakisoma upya, kuanzia mwanzo.

"Mwalimu yuko sahihi," Uzi akasema. "Baba yangu yu hai. Yuko hapa karibu yangu, na amekasirika. Mstari ule niliuandika mimi, na ni uongo."

Mjomba akajishika kichwa.

Upande wa pili karatasi zilisikika zikipekuliwa.

"Uliuandika wewe mwenyewe?"

"Mimi."

"Hukupewa na mtu? Fikiri kabla hujajibu."

"Sikupewa. Niliufikiria mwenyewe, nikauandika mwenyewe."

"Nakuuliza kwa sababu mezani kwangu nina maombi sita yanayoanza na mstari huo huo. Vijana sita, wote wamefiwa wakiwa na miaka tisa, na wote sita wanaongea na kochi tupu. Sita hao wametoka kituo kimoja."

Mama akamgeukia kaka yake.

Uzi alihisi hasira ikimpanda upya, na hii haikuwa ile ya zamani. Uongo ule ulikuwa wake. Aliutoa mahali palipouma, siku iliyouma, na mtu mzima mwenye tai akauchota nyuma ya bega lake, akaenda kuugawa kama karanga.

"Kaka," Mama akasema. Neno hilo tu. Mjomba akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango wenye komeo.

"Watano wamenakili na mmoja ameandika," sauti ikaendelea. "Leo nimeshaongea na wenzako watatu. Kila mmoja anaapa mstari ni wake, na kila mmoja anaapa baba yake ni marehemu. Wewe ni wa kwanza kukiri. Kwa hiyo ombi lako nimelisimamisha, sijalifuta. Kesho asubuhi uje ofisini, tuone hiyo insha ungeiandikaje ukisema kweli. Na uje na huyo marehemu."

"Baba yangu?"

"Huyo. Wengi wamenidanganya wiki hii, binti, sitaki tena kuambiwa kwa simu nani yu hai. Nataka nimwone ameketi mbele yangu."

"Na kama hataweza kuja?"

"Basi kwangu utakuwa mmoja wa sita."

Simu ikakatika.

Uzi akageuka polepole. Mama naye akageuka. Hata Mjomba, pale mlangoni, akamtazama Fundi, maana sasa jambo lote, alama, barua ya mwalimu, miaka yote ya kusoma, lilikuwa limekuja kutua juu ya mabega ya mtu mmoja.

"Baba," Uzi akasema. "Umesikia. Ni kesho asubuhi."

Fundi akavua miwani. Akaikunja mkono mmoja, akaikunja wa pili, akairudisha mfukoni. Akamsogeza Mjomba kando kwa bega, akatoa komeo, akaufungua mlango, na mwanga wa jua ukaingia mpaka miguuni pa binti yake.

"Siendi," akasema. "Uliniua bila kuniuliza. Nifufue hivyo hivyo."